MAMBO YA ELIMU: Urani Nyeusi na Urani ya Manjano

Watu wengi wakisikia neno urani hukumbuka bomu tu, nao hudhani kwamba habari zake ni za majemadari na wakubwa wa serikali. Sivyo. Urani imo ardhini kama shaba na bati, huchimbwa kwa mikono ya watu, nayo yaweza kuingia katika kisima cha mtu asiyejua lolote juu ya mabomu. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, juma hili yafaa tuitazame kama wataalamu wa kemia waitazamavyo, yaani jinsi inavyoshikamana na vitu vingine.

Jambo kubwa la kujua ni hili: urani ina hali mbili. Katika hali ya kwanza atomu yake imepoteza elektroni 4. Ikiungana na oksijeni huwa jiwe zito, jeusi, lisiloyeyuka majini ila kidogo sana. Katika hali ya pili imepoteza elektroni 6. Hapo rangi yake huwa ya manjano, ya machungwa au ya kijani, na aghalabu huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Kinachoitoa katika hali ya kwanza na kuitia katika ya pili ni hewa na maji, kama vile viletavyo kutu katika jembe lililosahauliwa shambani.

Mfano ulio wazi ni Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Congo. Mawe ya hapo yaligunduliwa mwaka 1915. Kwanza yalichimbwa kwa ajili ya rediamu. Baadaye urani yake ilitumika katika kazi ya mabomu ya mwaka 1945. Pale ambapo mvua na hewa viliufikia mwamba mweusi, yalitokea mawe ya rangi nyingi ambayo wataalamu hawakuwa wamepata kuyaona. Moja liliitwa bekereliti, kwa heshima ya Henri Becquerel, ambaye mwaka 1896 aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la kupigia picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akaona alama juu yake ingawa jua halikuwaka. Jingine liliitwa kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie.

Mawe hayo ni fuwele, yaani atomu zake zimepangwa kwa utaratibu usiobadilika, kama matofali ya ukuta. Katika urani ya manjano kila atomu ya urani hushikwa na oksijeni mbili, moja huku na moja huku, katika mstari ulionyooka. Oksijeni hizo mbili hazipendi kushikana na jirani. Basi urani hutafuta jirani ubavuni tu, nayo hujitandaza kama mkeka. Mikeka hupangana mmoja juu ya mwingine, na katikati huingia maji pamoja na madini mengine: katika bekereliti ni kalisi, katika kuriti ni risasi.

Wataalamu hawangojei ardhi iwatengenezee fuwele hizo. Huchukua chumvi ya urani iliyoyeyushwa, huitia pamoja na madini mengine katika chombo kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, kisha hukipasha moto kwa siku kadhaa. Kikipoa, fuwele huonekana ndani. Huzipiga kwa miale ya eksirei wapate kujua kila atomu imekaa wapi.

Mtu aweza kuuliza, faida yake nini? Faida ni maji ya kunywa. Urani hudhuru figo, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa maikrogramu 30 katika lita moja. Anayejua ni fuwele ipi huyeyuka na ipi haiyeyuki aweza kuifunga urani isitembee. Kwa mfano, ikikutana na kalisi na fosfati huwa jiwe la otuniti, ambalo huyeyuka kwa shida. Na huko Rifle, katika Colorado, Marekani, mwaka 2002 wataalamu walitia ardhini asetati, chumvi ya jamii ya siki, ili kulisha vijidudu vinavyoweza kuirudisha urani katika hali yake ya kwanza. Urani katika maji ilipungua sana. Lakini vijidudu vya aina nyingine viliposhika nafasi, ilianza kuongezeka tena. Kazi hii basi yataka subira na uangalizi wa siku nyingi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Urani ipo Mkuju, katika wilaya ya Namtumbo, Tanzania. Na huko Shinkolobwe, serikali ilipiga marufuku uchimbaji mwaka 2004. Mwaka uo huo mgodi uliporomoka na kuua watu waliokuwa wangali wakichimba.

Basi mahali popote penye machimbo ya urani, rundo la mawe lililoachwa mvuani lisihesabiwe kuwa takataka tu. Wenyeji waombe maji yao yapimwe, kwa maana macho na ulimi havitawaonya. Wala wasitegemee kuchemsha: moto huua vijidudu, lakini urani hubaki chunguni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.