Breli ya Kiswahili Yataka Mjuzi, Si Kompyuta Tu

Siku hizi wako wasemao kwamba kompyuta imekwisha kuimaliza kazi ya kuandika breli. Ati unachapa maneno yako, unabonyeza, na nukta zajipanga zenyewe. Mimi huu ni mwezi wa tatu najifunza kazi hiyo, na sikubaliani nao. Programu yazijua nukta; Kiswahili haikijui mpaka iambiwe na mwenye lugha.

Kwa msomaji asiyeijua breli, Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alitoa kitabu cha maandishi yake mwaka wa 1829. Kila herufi hukaa katika kijumba cha nukta sita, na kutokana na nukta hizo hupatikana alama 63 tu. Kwa uchache huo, alama moja hubeba mambo mbalimbali katika lugha mbalimbali. Waingereza nao, ili vitabu vyao visiwe vinene mno, wametia vifupisho: “and” ni alama moja, “of” alama moja, “the” alama moja.

Makusudi niliiacha programu idhani kwamba maandishi yangu ni ya Kiingereza. Neno “andika” likakatwa: “and” alama moja, kisha “ika”. “Themanini” ikavishwa “the”. “Ofisi” ikaanza kwa alama ya “of”, na alama hiyo ndiyo ain katika breli ya Kiarabu! Basi fikiri, ndugu msomaji, kijana aliyesoma chuoni kwa vidole vyake, aletewe barua ya kazi, akute ain mwanzo wa ofisi.

Dawa ipo. Liblouis, programu isiyouzwa, ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya. Ila sharti mtu ayachague. Kazi hasa imo katika vitabu vyetu vya Pwani, ambamo Kiswahili na Kiarabu hukaa mstari mmoja. Kila dua na kila aya yataka kutiwa alama kwamba hapa lugha imebadilika. Tena breli ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na fataha haikai juu ya herufi, bali hupewa kijumba chake baada yake. Karani asiyejua irabu za Kiarabu atajuaje kwamba imekosewa?

Na tenzi je? Usipoiambia programu kwamba hili ni shairi, huiunganisha mistari yote ikawa kama habari ya gazeti, na vina vikapotea. Ilhali mstari wa breli aghalabu una vijumba 40. Kipande cha mizani 8 chaenea bila taabu.

Wazee wetu walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikuta hazina “p”. Hawakukaa kungoja, waliongeza nukta.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, yaitaka Serikali ikuze breli. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliingia mwaka wa 2017, umerahisisha kunakili vitabu kwa ajili ya wasioona. Kwa hivyo siungi mkono desturi ya kununua mashine, kupiga picha nayo, kisha kumkabidhi karani yeyote. Nataka walimu wa madrasa na washairi waketi pamoja na vipofu wanaosoma breli, wajifunze programu hizi. Na asomaye kwa vidole awe ndiye wa mwisho kuupitisha ukurasa kabla nakala hazijatolewa, tena alipwe kama alipwavyo mhariri.