GURUDUMU SI ALAMA YA SHETANI



Wiki hii kwenye magrupu yetu ya WhatsApp mtu ameweka picha ya lile gurudumu lenye meno la Rotary, akaandika: hawa ni Freemason, msile chakula chao, msipokee chanjo yao. Wengine mkajibu "Amina" mbio mbio. Nasema bila kuzunguka: huo si ufunuo, ni uvumi. Na kumshuhudia mtu uongo ni dhambi, hata ukifanya hivyo kwa jina la Yesu.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Aliyeianzisha ni wakili, Paul Harris, na wenzake watatu. Nairobi wana klabu tangu 1930. Si dini, wala si Freemason. Ndani yao kuna Wakristo, Waislamu na Wahindu. Wanakutana mezani, mara nyingi saa ya chakula, na wageni wanakaribishwa. Siri iko wapi?

Wengine mnauliza, "Pastor, kwa nini wachangie watoto wa Pakistan na hapa Oyugis tuna wajane?" Fungua Matendo 11:27-30. Njaa ilipotabiriwa, waumini wa Antiokia walituma msaada Uyahudi. Kisha soma 2 Wakorintho 8. Makanisa ya Makedonia yalikuwa na umaskini mkubwa, lakini yalimsihi Paulo ayaruhusu kuchangia watakatifu wa mbali. Hayakusema, "Tungoje kwanza tutajirike."

Tena ugonjwa haujui mpaka. Rotary walianza kampeni ya polio mwaka 1985. Mwaka 1988 waliungana na WHO na UNICEF, wakati polio ilikuwa ikipooza watoto kama 350,000 kila mwaka duniani. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Leo hiyo imebaki Pakistan na Afghanistan. Lakini kumbukeni 2013: polio ilitokea Somalia ikaingia Dadaab, hapa hapa Kenya. Kwa hiyo anayechangia chanjo ya mtoto wa Pakistan anamlinda pia mtoto wa Kosele na wa Ringa. Na wewe unayemwambia mama mjamzito wa kanisa asipeleke mtoto chanjo, mtoto huyo akipooza, utambebea magongo?

Sasa niwaambie kinachoniuma. Watu wa klabu wanatoa ada mfukoni mwao, wanaandikwa nani amehudhuria na nani hakuja. Ninyi ibada imeandikwa saa tatu, mnaingia saa tano. Harambee ya spika kubwa inajaa kwa Jumapili moja. Harambee ya mabati ya mjane inachukua miezi sita, na bado kuna ahadi ambazo hazijalipwa. Halafu mnakaa chini kuhukumu waliochimba kisima!

Someni Luka 10. Kuhani alipita, Mlawi alipita. Aliyesimama ni Msamaria, mtu ambaye watu wa hekalu hawakutaka hata kula naye. Yesu hakuuliza yeye ni wa klabu gani. Aliuliza nani alikuwa jirani.

Msinielewe vibaya. Kisima hakiokoi mtu, wala ada ya klabu hainunui mbingu. Wokovu ni kwa neema, kwa damu ya Yesu. Lakini Yakobo 2 iko palepale: imani isiyo na matendo imekufa, na maiti haina haki ya kumcheka anayetembea.

Jumapili hii, kila ushirika wa nyumbani uje na jina la mjane mmoja na kiasi mtakachotoa. Mhazini atasoma hesabu mbele ya kanisa lote, shilingi kwa shilingi. Na akina mama, kadi za chanjo za watoto zisilale kabatini.

Usiandike "Amina" hapa chini kama ahadi yako ya mabati bado iko kwa daftari. Lipa kwanza, ndipo uandike.

Mungu awabariki.