Fundi Akikosea, Tajiri Alipe, Kijana Asionewe

Ndugu wafanya kazi,

Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema habari za motokaa, na msituambie kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Siku hizi wako wafanya kazi wengi wenye motokaa kuukuu. Wengine wamenunua kwa mkopo wa chama cha akiba, wengine wameshirikiana kama sisi. Mtu wa namna hiyo akiharibiwa motokaa yake na fundi kwa uzembe, hasara anayopata si ya starehe. Ni hasara ya unga na karo.

Sisi tu watu wanne wa Reli, twakaa Gatina, upande wa Kawangware. Tulichanga tukanunua Probox moja kuukuu, ili wake zetu wapate kuchukua viazi na kabichi Limuru alfajiri na kuziuza Kawangware asubuhi. Jumamosi moja tuliipeleka gereji kubadilisha oili. Jina la gereji hatulitaji, maana shauri limekwisha. Siku hiyo tulikuwa na haraka. Tulimwambia tajiri wa gereji afanye upesi upesi, na bei tukaivuta chini mpaka akakubali kwa uso wa kukunja. Kijana anayejifunza kazi akaingia chini ya motokaa, akamwaga oili chafu, akairudisha kwa vidole ile nati inayoziba tundu la chini ya injini. Kabla hajaikaza kwa spana, tajiri akamwita akasaidie kufunga gurudumu la motokaa nyingine. Aliporudi akatia oili mpya, akafunga boneti. Sisi tukalipa, tukaenda zetu.

Jumapili tuliona matone ya oili chini ya motokaa, tukasema ni yale yaliyomwagika gerejini. Jumatatu alfajiri, ikirudi na mzigo kutoka Limuru, karibu na Uthiru taa nyekundu ya oili ikawaka. Mwenzetu aliyeshika usukani akaiona, akadhani ni waya tu, akaendelea, kwa sababu soko halimngoji mtu. Baada ya dakika chache injini ikagonga kama nyundo, kisha ikanyamaza. Nati haikuwapo, na oili yote ilikuwa imebaki njiani.

Siku hiyo hasira ilikuwa nyingi. Mmoja wetu alitaka tuchukue vijana wa mtaa twende gerejini tukalie matata. Wengine tukakataa, maana mkono ukitangulia, haki hukaa nyuma. Tukapiga picha ya tundu lile na ya njia ya oili barabarani. Tukaivuta motokaa mpaka nyumbani, si gerejini, tukamwita fundi mwingine asiye na urafiki na upande wo wote. Alitazama, akaandika aliyoyaona, akatia sahihi na tarehe. Kisha tukaandika barua, nakala mbili, tukampelekea tajiri moja na nyingine akatutilia sahihi kwamba amepokea.

Kwanza tajiri alisema nati imegongwa na jiwe. Fundi wa pili akamwonyesha kwamba meno ya tundu ni mazima na hapana alama ya kugongwa po pote. Nati ilijifungua yenyewe kwa mtikiso, kwa kuwa haikukazwa. Kijana alipoulizwa akasema kweli yote, bila kuficha hata neno moja. Hapo tajiri akageuka, akatuambia, "Basi, ndugu zangu, mtalipwa. Nitamkata huyu mshahara kila mwezi mpaka deni liishe."

Ndugu, twakiri kwamba wawili kati yetu walitikisa kichwa kukubali. Injini ya mtumba ilikuwa shilingi 75,000, na tulitaka haki yetu. Lakini mzee mmoja miongoni mwetu akauliza, "Katika Reli, behewa likiharibika njiani, tunamwuliza nani?" Tukanyamaza, kwa sababu jibu tunalijua sote. Haulizwi aliyeshika spana peke yake. Huulizwa nani alikagua, nani alitia sahihi, na nani aliruhusu treni iondoke. Tangu zamani katika reli za dunia alikuwako mtu wa kupita na nyundo akigonga magurudumu na kusikiliza mlio wake, na breki hujaribiwa kabla treni haijaondoka. Hayo hayakuwekwa kwa sababu watu wa Reli ni wazembe kuliko wengine. Yaliwekwa kwa sababu kila mtu husahau, na kazi iliyo njema huwa na jicho la pili.

Katika gereji ile jicho la pili halikuwapo. Tajiri alichukua fedha zetu, akampa mwanafunzi kazi ya fundi, akamwondoa kabla hajamaliza, wala hakurudi kukagua. Basi deni ni la tajiri. Sheria nayo yasema hivyo, maana mwajiri hujibu kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa kazini. Na katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, mwajiri aweza kumkata mfanya kazi kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika mikononi mwake, lakini kama hasara hiyo imetokana na kosa la makusudi. Kijana aliyeitwa na tajiri mwenyewe hakukosa kwa makusudi. Tena makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara, hata kosa liwe la namna gani.

Sisi wanachama hulalamika tukikatwa mshahara kwa chombo kilichovunjika. Je, tukikaa kwenye kiti cha mteja, tutafurahi kuona mwingine akikatwa kwa ajili yetu? Mtu wa namna hiyo umoja wake ni wa mdomoni.

Na makosa yetu pia tuyaseme. Taa nyekundu ni amri ya kusimama. Mtu wa Reli akipita alama nyekundu ataitwa ofisini siku hiyo hiyo, lakini mwenzetu aliipita kwa ajili ya viazi. Kwa hiyo tulipatana hivi: tajiri akanunua injini na kuifunga bila malipo ya kazi, na sisi tukalipa gharama ya kuvuta motokaa na oili mpya. Yaliandikwa, yakatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Kijana hakukatwa kitu, na yuko kazini mpaka leo. Siku hizi katika gereji ile mtu wa pili hukaza kila nati ya oili na kuitia alama ya chaki. Lakini siku 12 za biashara wake zetu hawakurudishiwa na mtu, na deni la mbegu hizo tunalilipa bado.

Basi, kwa faida ya wote, twaandika tuliyojifunza.

1. Kabla ya kazi, iandikwe: kazi gani, bei gani, namba ya kilomita na tarehe. Fundi wa jua kali akikosa risiti, daftari la shule latosha, mtie sahihi nyote wawili. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Lipa kwa namba ya simu ya gereji yenyewe, na ujumbe wa M-Pesa usiufute. Huo nao ni ushahidi.

3. Omba upewe vipuri vya zamani vilivyotolewa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima juu ya kutengeneza motokaa, nayo yataja makisio ya bei, kurudishwa kwa vipuri na dhamana ya kazi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zilizo na ubora wa kufaa.

4. Kabla hujaondoka, mwambie fundi akague mbele yako. Mwache apate wakati, na umlipe bei ya wakati huo. Sisi tunaodai ovataimu tusimnyime fundi dakika kumi za kukaza nati.

5. Ukiona dalili mbaya, simama. Piga picha, usimruhusu aliyekosa kufungua cho chote kabla fundi mwingine hajatazama.

6. Mdai tajiri kwa barua, kwa adabu, ukitaja unalotaka na siku ya kujibu.

7. Akikataa, usipigane. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, waweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe katika siku 60.

Ndugu zetu, kudai haki si ugomvi, na kumhurumia mnyonge si kupoteza haki. Yote mawili yaweza kukaa katika barua moja. Mdai mwenye gereji mpaka shilingi ya mwisho unayostahili, lakini ukiona anataka kuitoa mfukoni mwa kijana aliyejaa oili mpaka viwikoni, mkatalie. Leo ni mshahara wake, kesho ni wako.

Ni sisi wenzenu wa Gatina.