Kiatu cha Kazini na Vumbi la Dodoma

Mwezi huu tutazame jambo ambalo wengi huliona dogo: rangi ya kiatu cha kazini na aina ya ngozi yake. Kwa mama anayepanga matumizi ya mshahara mmoja, jambo hili si dogo hata kidogo. Jozi moja nzuri yaweza kumeza fedha ya sare na madaftari ya mtoto. Ikinunuliwa isiyofaa, nyumba nzima huumia.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi, familia nyingi zimekuja huku na viatu vyao vya Dar es Salaam. Baba hutoka nyumbani asubuhi viatu viking'aa, akifika ofisini vimebadilika rangi. Mvua zetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ukavu na upepo, na vumbi jekundu huingia kila mahali. Kwa hiyo mwenye kununua kiatu cha kazini hapa hana budi kulifikiria vumbi kwanza.

Tuanze na rangi.

1. Nyeusi. Ni rangi ya heshima, inafaa kwenye usaili, msibani na mbele ya wakubwa. Hukubaliana na nguo nyeusi, za kijivu na za bluu iliyokoza. Lakini huonyesha vumbi upesi sana.

2. Kahawia. Hii inakaribiana na udongo wetu, hivyo humsitiri mvaaji hadi jioni. Inafaa siku za kawaida ofisini, kwa suruali ya kaki au bluu na shati lisilo na tai. Chagueni iliyokoza, kwani iliyopauka huonyesha kila doa la maji na mafuta.

3. Damu ya mzee. Rangi hii hukaa katikati. Hukubaliana na kijivu, bluu na kaki, na haikosi heshima.

4. Nyeupe na maziwa. Sisi wauguzi tuliovaa viatu vyeupe tunaijua kazi ya kuvisafisha. Tena wodini sakafu hupigwa deki. Barabarani ni nani atakayeipiga?

Kama fedha inatosha jozi moja tu, nashauri kahawia iliyokoza au damu ya mzee. Jozi ya pili iwe nyeusi. Kwa mama anayevaa kitenge, atazame rangi iliyokoza ndani ya kitenge chenyewe, ndiyo imwongoze. Mkoba na kiatu si lazima vifanane kabisa, vikikaribiana yatosha. Watumishi wa umma wanao waraka kuhusu mavazi. Ni vema wausome kabla ya kununua.

Sasa tuje kwenye ngozi.

Ngozi laini yenye kung'aa kwa kiasi ndiyo inayofaa zaidi. Hufutika kwa kitambaa chenye unyevu, hupokea dawa ya viatu, na mikwaruzo midogo hufichika. Ile inayong'aa kama kioo imefunikwa tabaka la plastiki. Kuifuta ni rahisi, lakini mchanga huikwaruza, na ikipasuka penye mkunjo hakuna dawa ya kuirudisha. Ile yenye manyoya mafupi kama mahameli hunywa vumbi, wala haipakwi dawa ya kawaida. Husafishwa kwa brashi kavu. Hiyo tuwaachie wenye jozi nyingi. Ngozi bandia ni ya bei nafuu, ila hubanduka pale kidole kinapokunja. Ili kuitambua, tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ya bandia mara nyingi huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki.

Ukienda kwenye mitumba, usidanganyike na mng'ao. Kikunje kiatu uone soli, maana baadhi ya soli zilizokaa miaka mingi bila kuvaliwa humeguka kama mkate mkavu. Nunua mchana au jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi za kutwa. Rangi nzuri isikushawishi kubana vidole. Na aliye na kisukari apapase ndani ya kiatu kwa mkono kila asubuhi, kwani mguu uliokufa ganzi hausikii msumari.

Matunzo yafanyike jioni. Pangusa vumbi kwanza, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha vikauke kivulini, ndipo upake dawa kidogo na kupiga brashi. Kupaka dawa juu ya mchanga ni sawa na kupiga msasa. Vikilowa mvua, jaza magazeti ndani na uviweke mbali na jiko na jua kali, ngozi isikakamae na kupasuka.

Akina mama, kabla ya kwenda dukani, toeni kwanza vile vilivyoko uvunguni. Pengine kinachohitajika ni soli mpya kwa fundi na kopo moja la dawa, na fedha itakayobaki ikatosha sare ya mtoto.

Tukutane mwezi ujao.