Kuingia kwenye mfumo kunachelewa: Tatizo si mkongo kila mara

MKULIMA anayefika kwenye ofisi ya chama chake kufuatilia malipo ya mazao mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili: "Mtandao unasumbua." Karani ameshaandika jina na neno la siri, kompyuta inazunguka tu, na foleni inazidi kurefuka.

Mei 12, 2024 jibu hilo lilikuwa na ukweli. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hata hivyo, si kila ucheleweshaji hutoka baharini. Mwingine umo ndani ya ofisi yenyewe, na tiba yake haihitaji kununua mashine mpya.

Dalili ni rahisi kuitambua. Ikiwa kuingia kunachelewa, lakini karani akishaingia kazi inakwenda haraka, basi si rahisi kwamba waya au nguvu ya seva ndiyo tatizo. Na ikiwa kuchelewa huko kunachukua muda uleule kila mara, kwa mfano sekunde 10, ni ishara kwamba kompyuta inasubiri jibu kutoka kwa asiyeitika.

Anayesubiriwa huenda ni seva ya majina. Hii hufanya kazi kama kitabu cha simu: hugeuza jina la kompyuta kuwa namba, na namba kuwa jina. Baadhi ya seva, zikibishiwa hodi, huuliza kwanza namba inayobisha ni ya nani. Ikiwa seva ya majina imezimwa au imehamishwa, Linux kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri sekunde 5, kisha huuliza tena. Programu ya OpenSSH, inayotumika sana kuingia kwenye seva kutoka mbali, iliacha kuuliza hivyo kwa kawaida kuanzia toleo la 6.8 la mwaka 2015. Seva za zamani bado huuliza.

Kabla ya kutoa fedha, fundi anaweza kupima mambo matatu bila gharama. Kwanza, je, inachelewa kompyuta moja au zote? Ikiwa ni moja, aanze na mipangilio yake. Pili, je, seva za majina zilizoorodheshwa bado zinajibu? Isiyojibu iondolewe. Tatu, je, saa za kompyuta zinalingana? Katika mitandao mingi ya ofisi inayotumia Windows, tofauti inayozidi dakika 5 inaweza kumfanya mtumiaji akataliwe kabisa.

Bodi ya chama inapoletewa makadirio ya bei ya seva mpya, imtake fundi aonyeshe kwanza ni hatua ipi inayokula muda. Fedha zitakazotumika ni za mkulima yuleyule aliyesimama kwenye foleni.