SHA na mgonjwa asiyeonekana kuwa mgonjwa

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, mjadala hapa Pwani umekuwa wa makato. Asilimia 2.75 kwa mwenye mshahara, na kwa wavuvi, mama ntilie na wengine wasio na mwajiri, mchango wa mwaka mzima unaotakiwa ulipwe mbele. Ni mjadala wa haki. Lakini wako wagonjwa ambao swali lao ni jingine: pesa zikishaingia, zinalipia nini? Babangu ni mmoja wao.

Mzee ana miaka sabini na sita na ana ugonjwa uitwao miasthenia gravisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe na kushambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Ubongo hutoa amri, msuli usiipate sawasawa. Asubuhi huamka akazungumza, akala, akacheka. Kufikia alasiri kope zimeshuka, anaona vitu viwili viwili na tonge la wali lamkaa kooni. Akipumzika, nguvu hurudi. Hapo ndipo penye mtihani, kwani jirani aliyemwona alfajiri akitoka msikitini haamini kuwa ndiye huyu wa magharibi anayeshindwa kuitikia salamu. Wako waliosema ni kijicho, wengine kiharusi, na wengine (hawa ndio walioniudhi) kuwa mzee anadeka. Tulizunguka zaidi ya mwaka mzima na kliniki tatu, hadi daktari mmoja alipomwambia atazame juu tu, asishushe macho, naye akaziona kope zikiteremka polepole mbele yake.

Dawa yake kuu, piridostigmini, si mpya wala si ya ajabu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja, na baada ya saa tatu hadi sita nguvu yake imekwisha. Kwa hivyo nyumba yetu huendeshwa kwa saa ya ukutani: kidonge kwanza, chakula baadaye, ili koo liwe na nguvu ya kumeza. Wali hupikwa laini, samaki huchambuliwa miiba. Ramadhani ilikuwa nzito zaidi. Mzee aliyefunga tangu utotoni hakutaka kusikia habari ya ruhusa ya mgonjwa wala fidia. Imamu wa mtaa ndiye aliyemkalisha chini wakaelewana. Sisi wanawe tulikuwa tumeshashindwa.

Sasa turudi kwa bima. Sheria ya 2023 iliunda hazina tatu, na mojawapo imetajwa waziwazi kuwa ya dharura, maradhi sugu na maradhi mahututi. Ukiisoma, utadhani mzee ameandikiwa yeye. Akilazwa, bima imetusaidia, nisiseme uongo. Ila ugonjwa huu haungoji kitanda cha hospitali, unatibiwa nyumbani kila baada ya saa chache, maisha yote. Dawa hizo twazinunua kwa pesa zetu, na mara mbili mwaka huu duka tulilozoea halikuwa nazo, ikabidi tumtume mtu Nairobi. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii zikija, huishia hapo hapo.

Na dawa ikikosekana si suala la kope tena. Ugonjwa unaweza kuingia kwenye misuli ya kupumua, na hapo mgonjwa ahitaji mashine ya kumsaidia kuvuta pumzi, si chupa ya dripu. Mtu akiwa ndani ya Kwale au Tana River, safari ya kuifikia mashine hiyo ni ndefu mno.

Liko na jambo ambalo halihitaji bajeti. Dawa kadhaa za kila siku humzidishia mgonjwa huyu udhaifu: jentamisini, siprofloksasini, propranololi ya presha, hata kwinini, nasi tunaishi kwenye malaria. Mwaka jana mzee alipopata homa, zahanati moja ilimwandikia siprofloksasini. Dadangu alitoa karatasi ya daktari kutoka mkobani, akaiweka mezani, akasubiri hadi wakabadilisha. Je, mzee asiye na binti kama huyo? Kaunti zetu zaweza kuwapa wagonjwa kadi ndogo yenye orodha hiyo, kwa Kiswahili, ya kuonyesha popote waendapo.

Afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti ndizo zinazoagiza dawa KEMSA. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee watunzwe na familia zao pamoja na Serikali. Familia tunafanya zamu, usiku na mchana. Wabunge wetu wa Pwani watakapokaa tena na Waziri wa Afya, wamuulize swali moja tu: kidonge kinachomezewa nyumbani kinalipwa na hazina ipi kati ya zile tatu?