Bonanza la Mtaa Liwe la Kila Nyumba

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania watenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinakimbia, na mechi za mchangani hujaza watazamaji. Lakini tazameni wanaocheza: wengi ni vijana wa kiume. Bibi yuko barazani, mama yuko jikoni, mtoto anaokota mipira. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kwa siku. Bonanza la siku moja haliwezi kuzijaza dakika hizo, wala sidai hivyo. Kinachowashinda wengi ni kuanza peke yao, na bonanza huwakutanisha majirani ambao kesho yake wanaweza kugongeana milango alfajiri wakatembee pamoja.

Kwa hiyo, wakazi wenzangu, tuandae bonanza ambalo timu zake zinapangwa kwa nyumba, siyo kwa umri. Kwenye kuvuta kamba, kila upande uwe na mtoto, mzazi na mzee. Rede iwepo, maana kina mama wengi wanaijua kuliko wana wao. Wenye magoti mabovu wakae kwenye bao, na alama zao ziingie katika jumla ileile. Bila hilo tutakuwa tumewaalika kuja kutazama tu. Wapo watakaosema hatuna fedha. Kamba, magunia na chokaa havihitaji mfadhili, na uwanja wa shule huombwa kwa mwalimu mkuu. Hofu ya ugomvi ina uzito zaidi, kwa sababu mashindano ya fedha yamewahi kutenganisha marafiki. Basi pasiwe na zawadi ya fedha, mashabiki wa Simba na Yanga wachanganywe, na fulana za vyama zibaki nyumbani. Kuhusu wazee, tumwombe muuguzi wa zahanati awapime shinikizo la damu kabla hawajashika kamba.

Jumapili hii jioni, kila nyumba imtume mtu mmoja kwa mjumbe wake akaandikishe majina, kuanzia la mkubwa kuliko wote nyumbani.